Musafiri wa Jumamosi: Hukumu ya Matembezi ya Mke na Mume Wanaoishi Ugenini

Suala la iwapo matembezi ya mwisho wa wiki yanahesabika kuwa safari, kwa maana ya safari inayobadilisha ibada ya mtu, huonekana dogo mpaka linapowekwa mbele ya mke na mume wa Kiislamu kutoka Ngamiani, Tanga, wanaoishi Busan, bandari kuu iliyoko kusini-mashariki mwa Korea Kusini, ambako mmoja wao amekwenda kwa masomo au kwa kazi na mwenziwe amemfuata. Watu hao si wenyeji wa Busan wala si wapita njia, na kila Jumamosi wanapofunga mlango wa chumba walichopanga na kwenda kuutazama mji mwingine, hali yao mbele ya sharia huweza kubadilika wakitoka na kubadilika tena wakirudi, kabla ya Jumatatu kuingia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hukumu za safari katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, si orodha ya ruhusa za kumpunguzia msafiri uchovu tu, bali ni fikra nzito kuhusu maana ya kuwapo mahali, na kwamba matembezi ya watu wawili waliooana, yakiwa na mwisho unaojulikana na kusudio jema, yanastahili kuitwa safari kwa haki zake zote.

Hali hiyo si ya kubuni. Tangu Tanzania na Korea Kusini zilipoanzisha uhusiano wa kibalozi mwaka 1992, Watanzania wamekuwa wakienda huko kusoma, baadhi yao kwa ufadhili wa shirika la ushirikiano wa kimataifa la Korea, KOICA. Wiki ya kazi ya siku tano ilianza kuingizwa katika sheria za Korea mwaka 2004, kwa awamu, na mwaka huohuo treni ya mwendo kasi, KTX, ilianza kazi, hata mtu wa Busan akaweza kwenda Seoul asubuhi na kurudi usiku. Mambo hayo mawili kwa pamoja, siku mbili za mapumziko na treni inayokata mamia ya kilomita kwa saa chache, ndiyo yanayoifanya hukumu ya kale iulizwe upya kila wiki.

Mtoto aliyesomeshwa madrasa katika pwani hii hukutana na hukumu hiyo mapema, mara nyingi kupitia Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fikihi kilichoandikwa na Salim bin Sumeir, mwanazuoni wa Hadhramaut ambaye naye aliishi ugenini na kufariki Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, katikati ya karne ya 19. Fikihi ni elimu ya hukumu za matendo ya Mwislamu, na katika fikihi msafiri, anayeitwa musafiri, anaruhusiwa kusali kasri, yaani kuzipunguza sala za rakaa nne, ambazo ni adhuhuri, alasiri na isha, zikawa za rakaa mbili. Anaruhusiwa pia kukusanya sala, yaani kuisali adhuhuri pamoja na alasiri, au magharibi pamoja na isha, katika wakati wa mojawapo. Safina inataja masharti saba ya kupunguza, likiwamo sharti kwamba safari iwe ya marhala mbili, kwamba iwe ya halali, na kwamba anayepunguza asimfuate katika sehemu yoyote ya sala yake imamu anayesali kamili. Sharti hili la mwisho lina uzito katika matembezi ya mjini, kwa kuwa mume aliyefika Seoul kutoka Busan, akaingia katika msikiti mkuu wa Itaewon uliofunguliwa mwaka 1976 na kumkuta imamu mkaazi yumo katika tahiyatu ya mwisho ya adhuhuri, akajiunga naye kwa muda mfupi kabla ya salamu, analazimika kusimama na kutimiza rakaa nne, ilhali akisali na mkewe pembeni baada ya jamaa kuondoka, mbili zinawatosha.

Marhala ni mwendo wa siku moja kwa mnyama mwenye mzigo, na marhala mbili hukadiriwa kuwa maili 48 za kale, ambazo kwa hesabu inayotumiwa sana siku hizi ni takribani kilomita 81. Kipimo hicho kinaupa mji wa Tanga ramani ya aina yake. Mtu wa Ngamiani anayekwenda Raskazone kupunga upepo, au mapango ya Amboni, au magofu ya Tongoni yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, hajasafiri kisharia. Hata anayekwenda Pangani akalala huko siku mbili hajasafiri, kwa kuwa masafa hayajatimia. Anayepanda kwenda Lushoto, kwa upande mwingine, amekuwa musafiri tangu alipoyaacha nyuma majengo ya mwisho ya mji wake. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Mombo mwaka 1905, iliufanya mwendo wa siku kadhaa uishe katika siku moja, na inaeleweka kwamba mtu angeweza kudhani ruhusa imeondoka pamoja na taabu. Wanazuoni hawakuona hivyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, yaani zaidi ya karne tano kabla ya injini ya treni, alikwisha kueleza katika kitabu chake cha fikihi, Minhaji, kwamba bahari ina hukumu ya bara, na kwamba aliyeyakata masafa ya kasri majini kwa muda wa saa moja ana haki ya kupunguza sala. Kinachopimwa, basi, ni umbali uliopo kati ya mtu na makao yake, hata kama mwili haukuchoka.

Ukipelekwa Busan, mzani huo unatoa majibu yaliyo wazi katika pande mbili na shaka katikati. Kwenda ufukwe wa Haeundae ni kutembea ndani ya mji, na hakuna cha kupunguza. Kwenda Seoul ni safari isiyo na mjadala, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya kilomita 300 kutoka Busan. Gyeongju, mji wa kihistoria unaopendwa na watembezi, ndio wenye shida, kwa sababu uko karibu na mpaka wenyewe, na kipimo hakianzii chumbani bali pale mtu anapoutoka mji. Kanuni ya madhehebu ni kwamba mwenye shaka juu ya masafa husali kamili, kwa kuwa ukamilifu ndio asili na upunguzaji ni ruhusa inayohitaji yakini. Kanuni hiyo inafaa kusifiwa, kwa sababu inamzuia mtu asijipe ugeni ambao hana hakika nao.

Ugeni na ukaazi ndio kiini cha suala zima, na hapa fikihi ya Shafi ina mgawanyo ambao ungepaswa kujulikana zaidi na wanafalsafa wa zama hizi za watu kuhamahama. Haigawi watu katika wenyeji na wageni tu, bali katika makundi matatu. Wa kwanza ni musafiri, aliye njiani. Wa pili ni mukimu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, lakini ambaye bado anakusudia kurudi kwao. Wa tatu ni mustautini, yaani aliyepafanya mahali hapo kuwa makao yake ya kudumu, haondoki ila kwa haja na kurejea. Mpaka wa siku nne umejengwa juu ya hadithi ya Mtume inayowaruhusu Wahajiri, waliokuwa wameiacha Makka kwa ajili ya dini, wabaki humo siku tatu baada ya kumaliza ibada ya hija. Siku tatu, kwa hiyo, hazikumtoa mtu katika usafiri. Waswahili nao, waliosema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, waliona kwamba kukaa kunaleta wajibu, ingawa wao walikuwa na haraka zaidi.

Mke na mume wa Busan ni wamukimu. Wakienda Seoul Jumamosi na kurudi Jumapili jioni, wakanuia kubaki Busan mpaka Jumamosi ifuatayo, siku ya kurudi haihesabiki wala ya kuondoka haihesabiki, lakini kati yake kuna Jumatatu hadi Ijumaa, siku tano kamili, na kwa hiyo ukaazi wao unarudi pale wanapoingia mjini. Maana ya hesabu hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Busan si kwao, na mioyo yao inaweza kuwa bado iko barabara za namba za Ngamiani, lakini mtu hawezi kusafiri kutoka mahali ambapo hakai, wala hawezi kurudi mahali ambapo hana makao. Na kila matembezi yanayokwisha kwa kurudi Busan yanathibitisha kwa vitendo kwamba Busan imekuwa makao yao. Wengi huyaona matembezi ya ugenini kuwa alama ya utalii, yaani ya kutoshikamana na mahali. Fikihi inaonyesha kinyume chake, kwamba watu hawa wanaukaa mji kwa kutoka na kurudi.

Mgawanyo huo una sehemu chungu pia. Sala ya Ijumaa ni wajibu kwa mwanamume mukimu, lakini kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu, idadi ya watu 40 inayoshurutishwa ili Ijumaa isihi lazima itimizwe na wamustautini, na mukimu hahesabiwi miongoni mwao. Katika misikiti ya Korea, ambako waumini wengi ni wafanyakazi na wanafunzi waliotoka nchi nyingine, sharti hilo ni zito, na Mshafi anayesali huko husali pamoja na watu wa madhehebu mengine ambayo hayashurutishi idadi kubwa kiasi hicho. Lakini fikra iliyomo ndani ya sharti inabaki: mtu anaweza kuwajibika mahali asipohesabiwa. Wahamiaji wote wanaijua hali hii, wanaolipa kodi na kutii sheria katika nchi isiyowauliza maoni. Fikihi haikuificha hali hiyo kwa maneno matamu, wala haikuitumia kumwondolea mukimu wajibu wake. Anadaiwa kamili hapo alipo, kwa sababu wajibu unatokana na kuwapo kwake na hausubiri kutambuliwa na wenyeji.

Historia ya pwani ina mfano ambao mtu hawezi kuusoma bila huzuni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo na mwandishi wa maelezo mashuhuri ya desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata mume na mke walisafiri kwa meli kuja Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwao Mtoro, na utawala wa kikoloni ukawazuia kuishi pamoja huku kwa sababu ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu haikuvumilika machoni pake. Walirudi Ujerumani, na Mtoro akafariki huko mwaka 1927. Sharia humwuliza mtu nia yake, ikamhukumu kuwa musafiri, mukimu au mustautini kwa kadiri ya nia hiyo; dola ilimnyima Mtoro nafasi ya kuitekeleza nia, ikamfanya mkaazi wa nchi ya watu kwa miongo miwili. Mjadala wowote wa ukaazi unaotegemea nia peke yake, bila kutazama nani ana nguvu ya kuifunga bandari, umepungukiwa, na hapa fikihi inahitaji kusaidiwa na historia.

Liko bado swali la kusudio, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Madhehebu ya Shafi hayamruhusu mzururaji, yaani mtu anayekwenda bila kujua aendako, kupunguza sala, hata akitembea mwezi mzima, kwa kuwa hana safari. Ana mwendo tu. Zaidi ya hayo, vitabu vya baadaye vya madhehebu vinashurutisha kusudio sahihi, na hapo vinatofautisha mambo mawili yanayokaribiana sana: kwenda kupumzika na kuburudisha nafsi, ambako kunakubaliwa kuwa kusudio sahihi, na kwenda kwa ajili ya kuiona miji tu, ambako baadhi ya wanazuoni wamekataa kukuita kusudio. Msomaji wa leo anaweza kushangaa, hasa akikumbuka kwamba Kurani yenyewe, katika Suratul-Ankabut na kwingineko, inawaamrisha watu watembee katika ardhi na kutazama, na kwamba Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha adabu za safari kilichomo ndani ya Ihyaa, aliitanguliza safari ya kutafuta elimu, akaingiza humo kuzitazama ishara za Mungu zilizotawanyika duniani.

Mgongano huo unaweza kuondolewa bila kumvunjia heshima yeyote. Aya inaamrisha kutazama kunakoleta mazingatio: namna viumbe vilivyoanza, namna mataifa yaliyotangulia yalivyokwisha. Wanaokataa kuiona miji tu wanakataa kutazama kusikotafuta chochote zaidi ya idadi ya miji iliyoonwa, na tahadhari hiyo ina nguvu zaidi sasa, katika zama ambapo mtu hufika mahali, akapiga picha, akaondoka kabla ya kujua nani alipajenga. Anayekwenda Gyeongju akajua kwamba ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, na kwamba Ibn Khurdadhbih, mwanajiografia aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 9, aliitaja nchi ya Silla akasema Waislamu walioingia huko walifanya makao kwa sababu ya uzuri wake, hatembei bure. Amekutana na watu waliotangulia kuikabili hali yake ileile kwa zaidi ya miaka 1,000, nao wakachagua kuwa wamustautini. Rai inayoelekea kuwa sahihi ni kwamba kutazama kwa namna hiyo ni kusudio, na kwamba pumziko la wiki ni kusudio jingine, na mojawapo linatosha.

Kutazama kuna mipaka yake pia. Gyeongju kuna hekalu la Kibudha la Bulguksa, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995, na wanazuoni wa Kishafi wana maneno makali kuhusu kuingia nyumba za ibada za dini nyingine bila idhini au penye masanamu. Wapo watakaobaki uani, wakatazama majengo na miti, na hilo ni chaguo la heshima. Mtu wa Tanga hafai kuuona mtihani huo kuwa mgeni kwake, kwa sababu katika mapango ya Amboni mna mahali pa matambiko, penye vitu vilivyoachwa na watu waliokwenda kuomba watoto au afya, na watalii hupita hapo kila siku. Anayejua jinsi inavyokera mgeni anapoyacheka maombi ya watu pale Amboni anajua tayari jinsi ya kusimama Bulguksa.

Mwisho kuna mke. Fikihi inamtaja miongoni mwa wafuasi, yaani watu ambao safari yao inategemea uamuzi wa mwingine, na inasema kwamba mfuasi asiyejua waendako hapunguzi sala mpaka watakapokuwa wamekwisha kukata marhala mbili, lakini akijua kwamba mwisho wa safari unatimiza masafa, anapunguza tangu mwanzo kwa nia yake mwenyewe. Wengi wamelisoma neno mfuasi wakaishia hapo. Inafaa kuisoma hukumu yenyewe, ambayo inaitegemeza ibada ya mwanamke juu ya ujuzi wake, ikamaanisha kwamba mume anayemchukua mkewe garini na kumwambia atayaona mbele ya safari anamnyima ruhusa aliyopewa na Mola wake. Kumjulisha mwenzi mwisho wa njia kunakuwa sehemu ya haki zake. Na inapotokea kwamba mke ndiye mwenye ufadhili wa masomo na mume ndiye aliyefuata, jambo lisilo nadra tena, sababu ya hukumu inadai kwamba naye mume ajue aendako.

Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, kadhi wa Tanga aliyeandika kwa Kiswahili vitabu vya Mirathi, kilichochapwa mwaka 1923, na Nikahi, kilichochapwa mwaka 1959, aliiona haja ya kuwapa watu wa pwani sharia ya maisha ya nyumbani katika lugha yao. Sharia hiyo haiishii kwenye mahari, chakula na talaka. Mtume, kama ilivyopokewa, alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake ili ajue nani atakwenda naye, na katika mojawapo ya safari alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa, kisha miaka baadaye akamshinda. Hayo yalifanyika njiani, katika safari zenye mambo mazito ya umma, na hayakuonekana kuipunguzia safari heshima yake. Watu wawili waliohamia mji ambao hawana mjomba, shangazi wala jirani wa kuwasuluhisha wakigombana wanahitaji saa za pamoja nje ya chumba kimoja walichobanana humo wiki nzima, na kuishi kwa wema, ambako Suratun-Nisaa inamwamrisha mume amfanyie mkewe, ugenini kunaweza kuwa na sura ya tiketi mbili za treni ya Jumamosi.

Kwa hiyo, mke na mume wanaotoka Busan kwenda Seoul wakijua waendako wapunguze sala zao bila wasiwasi. Wakienda Gyeongju na masafa yakawatia shaka, wasali kamili. Na wakirudi Jumapili jioni wasali sala ya wakaazi, kwa sababu ndivyo walivyo. Inabaki kazi kwa walimu wa madrasa za Ngamiani na za pwani nzima, ambao bado wanawasomesha vijana mlango wa kasri kwa mifano ya marhala na ngamia. Wawatajie pia kilomita, treni na siku za kazi, wawafundishe makundi matatu ya musafiri, mukimu na mustautini, na wawaeleze wasichana na wavulana kwa pamoja kwamba nia ya safari ni ya kila mmoja, kabla vijana hao hawajaoana na kupanda ndege.